Mwanangu ananiambia nimekufuru kwa kuchukia video za kukata mikono

SWALI

Assalaam alaykum Sheikh. Mwanangu wa kiume ana miaka 19, amehitimu Qur'ani na alikuwa kijana mpole. Tangu mwaka jana anatazama kwenye simu video za vikundi vinavyokata watu mikono na kuwapiga mawe hadharani. Nikimwambia huo ni ukatili ananisomea aya ya mkono wa mwizi, kisha ananiambia, "Mama, anayeichukia hukumu ya Allah amekufuru." Sina elimu ya kumjibu. Je, nimekufuru? Na hao watu kweli wanasimamisha sharia?

JIBU

Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mama yangu, hujakufuru. Ulichokichukia ni dhulma uliyoiona kwa macho yako, si aya ya Mola wako. Nimelitanguliza hilo upate usingizi leo.

Aya anayokusomea ipo, ni ya 38 katika Suratul Maida, nami naiamini kama anavyoiamini yeye. Ugomvi wangu na hao watu ni kwamba wameichukua sharia, bahari yote ile, wakabakisha orodha ya makosa na adhabu. Desemba 2014 kundi la Daesh, lililojiita Dola la Kiislamu, lilitangaza orodha ya namna hiyo huko Syria: kosa hili kuuawa, hili kukatwa mkono, hili mijeledi 80. Mtu akiisoma atadhani Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alitumwa kuja kuadhibu.

Tazama wizi peke yake, katika madhehebu ya Imamu Shafi. Mali iwe imefikia robo dinari, yaani kama gramu moja ya dhahabu. Iwe imetolewa kwa siri mahali inapohifadhiwa mali ya namna hiyo. Mwizi awe baleghe, mwenye akili, hakulazimishwa, wala hana sehemu yake katika mali hiyo. Washuhudie waadilifu wawili, au akiri mwenyewe, na akiukana ukiri wake mkono haukatwi. Shaka ikiingia popote hapo, adhabu hiyo, ambayo wanazuoni huiita hadi, inaanguka. Na anayehukumu ni kadhi aliyewekwa na mtawala, si kila aliyeshika bunduki na kuteka mji.

Sasa muulize mwanao juu ya Mogadishu, Juni 2009. Al-Shabaab waliwakata vijana wanne mkono wa kulia na mguu wa kushoto mbele ya watu, wakisema wameiba simu na bunduki. Mguu umeingiaje? Mwizi hakatwi mguu kwa aya ya 38. Mkono na mguu ni aya ya 33, ya wanaopora watu njiani kwa silaha. Kama walikuwa wezi, mguu ule ulikatwa kwa aya ipi? Kama walikuwa waporaji, nani aliwathibitishia hilo, na nani alisimama kuwatetea? Na aya ya 34, inayofuata hapo hapo, inawatoa waliotubu kabla ya kukamatwa. Je, waliulizwa?

La Kismayo naliandika kwa uzito moyoni. Oktoba 2008 msichana alifukiwa mpaka shingoni uwanjani akapigwa mawe mpaka akafa, kwa tuhuma ya zinaa. Shirika la Amnesty International lilieleza kuwa alikuwa na miaka 13, na kwamba alikuwa amekwenda kushitaki kuwa amebakwa na wanaume watatu. Wanaume hao hawakukamatwa. Mama yangu, mwanamke aliyelazimishwa hana hadi juu yake, na hili hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fiqhi analijua. Aliyekwenda kutafuta haki ndiye aliyeuawa. Anayeliita jambo hilo hukumu ya Allah amemzulia Allah uongo.

Mtume mwenyewe alifanyaje? Mtu aitwaye Maiz alimjia akasema, nimezini, nitakase. Mtume akamgeuzia uso. Akaja upande wa pili, akageuziwa tena, mpaka mara nne. Akawauliza watu wake kama ana wazimu. Akaamuru anuswe mdomo asije akawa amelewa. Akamwambia, "Huenda ulimbusu tu, au ulimkonyeza, au ulimtazama." Angalia alivyokuwa akimfungulia njia ya kutokea! Na mawe yalipomuuma Maiz akakimbia, wakamfukuza wakamuua. Mtume akasema, "Mbona hamkumwacha, huenda angetubu na Allah akamkubalia toba yake?" Kisha akamgeukia Hazzal, mtu aliyemlea Maiz akiwa yatima na ndiye aliyemhimiza aende, akamwambia: "Lau ungemsitiri kwa nguo yako ingekuwa bora kwako."

Watumwa wa Hatib nao waliiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna wakamchinja. Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, alikwisha kuamuru wakatwe, kisha akasita. Akamgeukia bwana wao: nakuona unawatia njaa. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, akasema dirham 400. Umar akamwamuru Hatib alipe 800, na mikono ikabaki salama. Mwenye shibe ndiye aliyelipa.

Mwanao atasema, nyinyi ni masheikh waoga, mnawaogopa watawala. Mwambie Septemba 2014 wanazuoni zaidi ya 120 wa nchi mbalimbali waliandika barua ya wazi kwa Baghdadi, kiongozi wa Daesh, wakiwa na hoja hii hii: ni haramu kusimamisha hududi, yaani hizo adhabu za hadi, bila taratibu zinazohakikisha uadilifu na huruma. Na uoga si tuhuma ya kumtupia Ali bin Abi Talib. Makhawariji, kundi lililomwasi, walipompigia kelele kwamba hakuna hukumu ila ya Allah, alijibu: neno la haki linalokusudiwa batili. Watu hao walimkemea mwenzao aliyeokota tende moja ya watu akaitia mdomoni, kisha wakamchinja Abdullah bin Khabbab, mtoto wa sahaba, na mkewe mjamzito. Tende waliiogopa, damu hawakuiogopa.

Nimesema mengi juu yao. Nirudi kwako, maana wewe ndiye unayelia. Usimtukane mwanao, usimfukuze, usiivunje simu. Amefika huko kwa kuipenda dini bila mwalimu, na ukimfungia mlango, hao wa kwenye video watamfungulia wa kwao. Mtafutie sheikh mtulivu wa kumsomesha fiqhi kitabu kwa kitabu, taratibu. Lakini akianza kuzungumzia safari, au ukiona anaaga watu na kuficha pesa, usimfichie. Waambie wajomba zake na imamu wa msikiti wenu, ikibidi na vyombo vya usalama. Kumzuia mtoto asiue wala asiuawe si kumsaliti.

Kwa sasa anza na Maiz. Keti naye baada ya Isha, muombe akusomee hadithi hiyo yeye mwenyewe, kwa sauti, mpaka pale penye nguo ya Hazzal. Kisha muulize: mwanangu, mtu wa kwenye video yako alipokuwa akikatwa, nani alikuwa ameshika kamera, na kwa nini?

Wallahu aalam.