Ukiingia maabara ya saa za ioni, anza na volteji

Vijana wanaosoma fizikia huniuliza waanze na lipi wakipata nafasi kwenye maabara ya saa za ioni. Nawajibu: acha saa kwanza, shughulika na mtego.

Saa hizi hufuata masafa ya mwanga unaonyonywa na ioni, yaani atomi yenye chaji ya umeme, iliyonaswa kwenye ombwe kwa nguvu ya umeme; huo ndio mtego. Ukipima muda mrefu grafu itatulia, nawe utafurahi. Lakini inaweza kutulia pasipo pake. Usahihi ni kukijua kila kinachoisogeza ioni, kukipima kimoja kimoja, na kusema wazi shaka iliyobaki ni kiasi gani.

Kinachokula muda wangu zaidi ni mtikisiko. Umeme wa ziada ukiisukuma ioni kando ya kitovu cha mtego, inatetemeka kwa mdundo uleule wa volteji ya mtego, na kama Einstein alivyoonyesha, saa inayokwenda huchelewa. Tazama fotoni, chembe za mwanga, zinazotoka kwenye ioni: zikija kwa mawimbi yanayofuata mdundo huo, bado inatikisika. Geuza volteji za elektrodi za pembeni, vipande vya metali vinavyounda mtego, mpaka mchoro unyooke. Kisha rudia kwa leza za pande nyingine, kwa sababu upande mmoja kutulia hakukuhakikishii chochote. Baada ya chakula cha mchana pima tena! Leza za urujuanimno huacha chaji kwenye mtego, na volteji ya asubuhi haifai tena. Ziandike zote daftarini pamoja na saa ulizozipima.

Ona NIST, taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani. Mwaka 2025 saa yao ya aluminiamu ilifikia shaka ya 5.5 × 10⁻¹⁹. Walibadilisha mtego, wakaongeza unene wa dhahabu kwenye elektrodi, na wakajenga chumba cha ombwe cha titaniamu ili kupunguza haidrojeni inayogonga ioni. Mwanga wa leza tulivu waliuvuta kutoka JILA, taasisi ya utafiti wanayoshirikiana nayo, kwa nyuzi za kupitishia mwanga za kilomita 3.6, wakaweza kuipima ioni kwa sekunde nzima badala ya milisekunde 150. Kipimo cha wiki tatu kikawa cha siku moja na nusu. Kazi za mafundi hizo, na mimi naziheshimu kuliko milinganyo.

Jambo la mwisho, mkilinganisha saa mbili: kwa sababu ya mvutano wa dunia, sentimita 1 ya kimo hubadilisha masafa kwa takriban sehemu 10⁻¹⁸. Pimeni kimo hadi ioni ilipo, msiishie kwenye meza.