Jibu: Kwa nini adenili saiklasi ziko aina nyingi?
Ndugu, umeuliza kwa nini mwili uwe na aina nyingi za kimeng'enya hiki ilhali zote hutengeneza cAMP ileile (molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli) kutoka kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli). Swali zuri sana. Zinachotengeneza ni kimoja. Zinachotofautiana ni nani anayeziamuru.

Mamalia wana aina 9 zilizopachikwa kwenye utando wa seli, na moja isiyopachikwa humo, ambayo huitikia bikaboneti. Sasa chukua kalsiamu. Ikipanda ndani ya seli ya neva, aina ya 1 na ya 8 huchochewa kupitia kalmodulini, protini inayoshika kalsiamu, na cAMP huongezeka. Kalsiamu hiyohiyo kwenye seli za misuli ya moyo, ambako aina ya 5 na ya 6 ndizo zimetawala, huzizuia! Nimelisoma hili miaka mingi na bado linanistaajabisha.

Halafu usisahau upande wa kubomoa. Fosfodiesterasi, yaani vimeng'enya vinavyovunja cAMP na molekuli ndugu yake cGMP, zina familia 11: ya 4 huvunja cAMP, ya 5 huvunja cGMP, na dawa ya sildenafili (Viagra) hufanya kazi kwa kuizuia hiyo ya 5. Baadhi hushikizwa mahali maalumu, kwa hiyo cAMP yaweza kujaa karibu na utando huku ikiwa haba kwingine ndani ya seli hiyohiyo.