Bastola ya babu kwenye sanduku

Ndugu wa Kakamega, unauliza kama Webley, bastola ya zamani ya Kiingereza uliyoikuta kwenye sanduku la marehemu babu, inaweza kuanzisha mkusanyiko wa silaha, kisha uongeze Glock, bastola ya kisasa. Kwanza usiiguse, wala usipande nayo matatu kwenda Kisumu kutafuta fundi. Piga simu kituo cha polisi, waje wenyewe. Kumiliki silaha bila cheti ni kosa, hata kama ni ya urithi. Maombi ya cheti huamuliwa na Bodi ya Leseni za Silaha, na kusema unapenda vitu vya kale tu, kwa maoni yangu, hakutakufikisha mbali.

Ukifanikiwa kupata cheti, usiisugue Webley ing'ae! Wakusanyaji huithamini rangi yake ya zamani. Usiiache ndani ya ala ya ngozi pia. Ngozi hunyonya unyevu, chuma kikashika kutu, na hewa ya huko kwenu ina unyevu mwingi. Webley Mk VI (toleo la sita), ya mwaka 1915, hufunguka katikati na kutema maganda yote ya risasi kwa pamoja. Glock ya Austria, ya miaka ya 1980, ina fremu ya plastiki. Mimi ningeanza na vitabu na picha.