Kabla hujaitoa foto ya nkambo ukutani

Juma lililopita dada mmoja wa Katuba, Lubumbashi, aliniandikia. Anaolewa, wamepewa nyumba ya nkambo, yaani babu, wa bwana harusi, na anauliza atatoaje vitu vya zamani bila kuwaudhi wakubwa. Ninamwelewa. Sote tunatamani salon ya makochi ya kijivu na kuta nyeupe. Hata mimi niliitamani.

Nkambo wangu alifanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Jumapili asubuhi nyumba yetu ilinukia makaa ya pasi, Kiwi ya viatu na kolonya ya 4711. Alijipaka brilantini, akachora njia ya nywele kwa wembe, imenyooka kama reli, halafu akavaa abacost, ile suti isiyo na tai ya enzi za Rais Mobutu. Mwaka 1990 Mobutu aliporuhusu tai tena, wenzake walizikimbilia. Yeye alisema shingo yake imeshazoea kupumua. Kolonya aliimimina kiganjani, akajipiga mashavu, na tone la mwisho lilikuwa langu, nyuma ya sikio. Nkambo mwanamke aliguna: "Utamaliza chupa juu ya mutoto!"

Juu ya fotei ilining'inia mamba muntu, imechorwa kwenye kitambaa cha mfuko wa unga: mwanamke nusu samaki, saa mkononi, kitana pembeni. Nkambo alisema anayepata unywele wake anatajirika. (Kwetu haukufika hata mmoja.) Chini yake palikuwa na sahani ya shaba yenye tembo, niliyoisugua kila Jumamosi.

Nkambo alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tisa, nataka simu. Akaja mnunuzi, akanipa dola ishirini, akaikunja mamba muntu kama mkeka. Nkambo mwanamke aliporudi kutoka misa alisimama mbele ya ule mraba ambao rangi ya ukuta ilibaki mpya. "Kama hakuna kitu ku kibambazi, bageni batatazama nini?" Hakuongeza neno. Lakini tangu siku ile kila mgeni alikalishwa kuelekea mraba ule, na mimi ndiye niliyeleta chai. Simu haikumaliza mwaka.

Basi, dada, uliza kwanza. Keti na wakubwa, uliza nani alinunua nini, kwa mshahara gani. Chupa tupu ya manukato usiioshe, harufu inakaa kwenye kifuniko. Shaba isugue kwa limau na chumvi, suuza, kausha vizuri. Na uliza tena kabla ya kuuza. Vijana tunajifanya tunajua thamani ya kila kitu, kumbe tunajua bei tu! Mnunuzi akija na haraka, mwambie arudi mwezi ujao.

Ile sahani ya tembo iko kwa binamu yangu. Aliichukua siku ya matanga, akasema mimi nimeshakula fungu langu. Nilipita kwake Pasaka. Imekuwa nyeusi, wanawekea funguo.