Nyumba ya urithi Ngamiani na ile X nyekundu

Nyumba ya babu yetu ipo Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba sita, ua nyuma. Ndugu tukakubaliana tuivunje tupandishe ghorofa moja, chini tuweke maduka. Fundi akasema, "Mgosi, kibali kitatukuta njiani. Tuchimbe msingi."

Tukachimba. Siku ngazi ya nje ilipokamilika nikakuta X nyekundu, alama ya kubomoa: ngazi imeingia kwenye hifadhi ya barabara. Tuliivunja wenyewe, na fundi hakurudisha hata senti.

Nilidhani kanuni za ujenzi ni kitabu kimoja kilichofungiwa kabatini. Kumbe ni tabaka juu ya tabaka: Sheria ya Mipango Miji ya 2007 na kanuni zake, mchoro wa mipango miji wa eneo lako, kisha sheria ndogo za halmashauri. Wenye viwanja vya pwani, kama kule Raskazoni, wana pia Sheria ya Mazingira ya 2004 na mita zake 60 za kuacha kutoka ufukweni. Kila tabaka hubadilika kwa wakati wake. Kwa hiyo usiazime ramani ya jirani aliyejenga miaka kumi iliyopita. Nenda kwa afisa mipango miji na namba ya kiwanja, umwombe akuonyeshe mchoro unaotumika leo.

Hayo ya kibali. Kubwa zaidi ni sheria ndogo yenyewe inavyozaliwa. Wataalamu huandaa rasimu, wananchi hutangaziwa watoe maoni au pingamizi, Baraza la Madiwani hupitisha, waziri wa TAMISEMI, yaani wa serikali za mitaa, huidhinisha, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Katika safari yote hiyo, mimi na wewe nafasi yetu ni pale kwenye tangazo. Nalo hubandikwa ubaoni ofisi ya mtaa, pembeni ya tangazo la chanjo, nasi tunalipita tukiwahi chai.

Siku hizi nasimama nasoma. Ukienda kutoa maoni usilalamike ada tu. Peleka vipimo vya kiwanja chako. Viwanja vyetu Ngamiani ni vidogo, kuta karibu zinagusana; mtu akipendekeza tuache nafasi pembeni kama wenye viwanja vikubwa, tutaishia kujenga usiku.

Mhandisi aliyesajiliwa mlipeni bila kunung'unika. Mimi nilinung'unika, mpaka jengo lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024.

Kibali chetu kilitoka mwishowe. Ngazi sasa iko ndani, imemeza chumba alichokuwa akilala shangazi, naye kila akija hunionyesha mahali kilipokuwa kitanda chake.