Kikaangio cha nonstiki kilichochubuka

Dada, umeuliza kama kikaangio chako cha nonstiki kilichochubuka kitakupa saratani. Vile vipande vyeusi ulivyoviona kwenye mayai visikunyime usingizi. Ni plastiki iitwayo PTFE, ule utando wa kikaangio unaozuia chakula kushika; tumbo haliisagi, hutoka kama ilivyoingia.

Cha kuogopa ni moto. Ukikiacha kitupu juu ya jiko la gesi lililofunguliwa mpaka mwisho, dakika chache tu kinapita nyuzi joto 260, na hapo utando huanza kuharibika na kutoa hewa yenye sumu. Anayeivuta sana hupata homa, kutetemeka na kubanwa kifua, utadhani mafua. Kasuku wa ndani ndiyo hufa kabisa. Kwa hiyo tia mafuta kwanza ndipo uwashe, moto wa wastani, dirisha wazi. Chapati mimi nachomea kikaangio cha chuma kizito, maana moto wake mkali.

Saratani inatajwa kwa sababu ya PFOA, kemikali iliyotumika kiwandani kutengenezea utando huo. Kule Parkersburg, West Virginia, Marekani, iliingia kwenye maji ya kunywa, na wanasayansi waliochunguza wakaihusisha na saratani ya figo na ya korodani. Walioumia ni watu waliofungua bomba wakanywa, jambo linaloniuma mpaka leo. Viwanda vikubwa vya Marekani viliiacha kufikia 2015.

Chako kama ni cha zamani na chuma kimeshaanza kuonekana, kitoe jikoni.