Bagamoyo kwa siku moja: Kaole ndiyo ya kwanza, mengine yatajipanga

Mkuu, hiyo ratiba ifute leo leo. Umeandika kwamba Jumamosi mtaamka tu, mpande gari Makumbusho, Dar, mfike Bagamoyo saa tano, mzunguke Mji Mkongwe, mle, mpite Misheni kuona kanisa la kale, halafu "tumalizie Kaole," yale magofu ya mji wa kale, "jioni jioni." Na mama mzazi yumo msafarani! Nilipofika hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Kaole haimaliziwi. Kaole inaanzwa. Ukishuka stendi tafuta bajaji, nenda Kaole, hayo maswali mengine utajiuliza ukiwa njiani kurudi.

Mimi ratiba hiyo hiyo niliifuata nikiwa na mke wangu na baba mkwe, mwalimu mstaafu wa historia, katoka Moshi kuja kuona binti yake kaolewa na mtu wa namna gani. Kazini kuna bwana alinihakikishia Bagamoyo ni pua na mdomo, masaa mawili umeimaliza yote. Baadaye nikagundua Bagamoyo anayoijua yeye ni ukumbi wa hoteli alikopelekwa semina. Ushauri wa bure huo, na bado umenitoka ghali.

Stendi tukadakwa na kijana mwenye kitambulisho shingoni, cha kutengenezwa stesheneri. Akataka hela yake yote kabla ya kuanza. Nikatoa, maana mbele ya mkwe nani anapatana bei? Ngome Kongwe, Caravanserai, ile kambi ya misafara, Boma la Wajerumani, kijana anaongea kama kameza redio. Akasema Bushiri, yule aliyepigana na Wajerumani, alinyongewa Bagamoyo. Mzee akakohoa: "Pangani, kijana. Desemba 1889." Tukafika Misheni, chini ya mnara wa kanisa la kwanza, kijana akatangaza kuwa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, kazikwa hapo. Mzee akavua miwani.

Tukapigwa kipindi kizima. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Moyo ukazikwa huko huko. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili kwa miguu hadi pwani, ukalazwa kwenye kanisa lile usiku mmoja Februari 1874, ukavushwa Zanzibar, na kaburi liko Westminster Abbey, London. Wageni wengine wakamwacha mtembezaji wao wakaja kumsikiliza mzee. Yaani nililipa mtu ili baba mkwe wangu amfundishe kazi.

Na wakati tunacheka, saa inakimbia. Misheni si mahali pa kupita, mkuu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika pale mwaka 1868. Kuna makumbusho ndani ya nyumba ya zamani ya masista, kuna makaburi ya wamisionari, kuna kanisa kubwa la 1914, na mzee wa historia hapiti kibao bila kukisoma mpaka nukta. Tunatoka saa kumi imeshapita. Kijana anasema Kaole ni hapo tu, tutembee. Hapo tu! Misheni iko kaskazini mwa mji, Kaole iko kama kilomita tano kusini mwa mji. Mzee kavaa viatu vya kanisani. Tulipofika katikati ya mji, kijana akasema anarudi sasa hivi. Mpaka leo namsubiri.

Tukachukua bajaji. Sasa hapa ndipo nilipojiona mjanja: dereva akauliza anisubiri, nikamwambia nenda, kwa nini nilipie mtu kukaa? Getini mlinzi anafunga. Bajaji ndiyo hiyo inaishia kwenye kona. Giza likatukuta tunatembea kurudi, gari za Dar zikawa zimeisha, nikakodi taksi mpaka nyumbani kwa hela niliyokuwa nimeiweka ya matairi. Mke wangu hakusema neno hadi Tegeta. Mzee alisema moja tu: "Geti lenyewe zuri."

Nilirudi baadaye, asubuhi, nikaona tulichokikosa. Magofu ya misikiti miwili, wa kale zaidi unahesabiwa ni wa karne ya 13, na makaburi ya nguzo, moja bado lina alama za mahali palipopachikwa bakuli za Kichina. Bandari ya mji huo wa kale mikoko imeshaimeza. Ni uwanja wa wazi, kivuli cha kuhesabu, kwa hiyo jua la asubuhi mama atalivumilia. Mchana mpeleke Misheni, ile miembe inatosha kumpumzisha, ila ukikuta misa inaendelea, kamera weka mfukoni. Mji Mkongwe uache jioni: mtaa haufungwi geti, milango ya nakshi ipo tu, na stendi si mbali.

Uliuliza na nini tena, samaki na kuogelea? Kuogelea sijui, sijawahi kufika kule nikabakiwa na muda. Waliokwenda semina watakujibu.

Ila bajaji ya Kaole patana kwenda, kusubiri na kurudi. Mpe nusu. Nusu nyingine akishawarudisha mjini wote, mama akiwemo.